Kisogo cha Baba

Kisogo cha baba yangu kilinitoa jasho wiki nzima. Si kisogo chenyewe, maana Baba alikuwa ameshazikwa mwaka mmoja nyuma. Ni kisogo kilichokuwa kwenye picha, na watoto arobaini na wawili wa darasa la tano waliokataa katakata kukiacha.

“Mwalimu,” aliniuliza msichana tuliyemwita Wakili kwa ubishi wake, “mtu anaonaje kisogo chake mwenyewe?”

Nikamwambia akae chini. Akakaa, lakini mkono akauacha juu.

Picha ile ilichorwa kwenye ubao wa plaiwudi, na ilikaa ukutani sebuleni kwetu tangu nilipokuwa na miaka saba. Ni familia inakula. Baba amempa mtazamaji mgongo, shati lake la kazini lina doa la rangi begani. Ng'ambo ya meza tumekaa sisi watoto watatu, na mimi nimeshika kijiko vibaya kama nilivyokuwa nikikishika siku zote. Kuna sufuria iliyoungua upande mmoja, sahani tano, na kiti cha Mama kitupu, kimesogezwa nyuma kidogo. Chini kulia limeandikwa jina la Baba, kwa herufi zilizonyooka utafikiri zimepigwa chapa.

Herufi ndizo zilizokuwa kazi yake. Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango. Kinyozi, duka la dawa, cherehani, mtaa mzima ulisoma mkono wake. Lakini nani anamwita mtu msanii kwa kuandika “Usikojoe Hapa”, hata aandike vizuri namna gani? Alikuwa na picha ile moja tu. Alipofariki nikajiapiza kwamba itatundikwa kwenye ukumbi wa shule niliyokuwa nikifundisha, na chini yake kadi yenye jina lake, ili watu wajue. Mwalimu mkuu, mtu wa hesabu asiyeona faida ya picha yoyote isiyo na pembetatu ndani yake, alikubali shingo upande. Sharti lake lilikuwa moja: siku ya kufunga shule, darasa langu liieleze picha ile mbele ya wazazi. Waieleze kwa akili zao, alisema, wasije wakanikariria mashairi.

Nikachukua karatasi kubwa ya kaki, nikakata kidirisha cha ukubwa wa daftari, nikaifunika picha yote. Kila kipindi nilihamisha kidirisha. Siku moja waliona sufuria peke yake, siku nyingine mikono, siku nyingine miguu ya meza. Na ubaoni niliandika sheria kwa mkono wangu mwenyewe, mjinga mimi: Sema unachokiona, usiseme unachokijua.

Jamani, siku za mwanzo nilitamani kulia. Nawaonyesha sufuria, wananiambia wanaona sufuria. Nawauliza ikoje, wananiambia ni ya kupikia. Mmoja aliniambia anaona njaa. Lakini taratibu macho yao yakafunguka. Waligundua kwamba mwanga unatoka kushoto, kwamba chakula cha sahani ya tano hakijaguswa, kwamba vivuli vya vijiko vinaelekea upande mmoja. Nikaanza kutembea shuleni kifua mbele. Halafu ndipo nikahamishia kidirisha kwenye kisogo.

Kile kisogo kilikuwa na kipara, kiduara cha ukubwa wa kisahani cha chai. Na mimi, kwa kupenda kuchekesha darasa, nikawaambia kwamba baba yangu hakukubali hata siku moja kuwa ana kipara. Ukikitaja, nyumba nzima inakosa raha.

Wakili hakucheka. Aliuliza, kama hakukubali kuwa anacho, alikionaje hadi akakichora?

Nikasema alitumia kioo. Kesho yake wakaja na vioo saba, kimoja kimeng'olewa kwenye pikipiki ya mjomba wa mtu, na kipindi kizima kikaishia watoto kujipinda shingo na kugongana vichwa. Jibu lao likawa kwamba kwa vioo viwili kisogo unakiona, ila mkono unakwenda kusiko. Nikasema basi, aliambiwa na mtu. Wakauliza ni nani huyo, na kwa nini asichore yeye. Kisha mwingine, mtoto ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo, akasema wale watoto wa kwenye picha hawamtazami baba yao. Wanatazama juu ya kichwa chake, kuna mtu amesimama pale.

Nikapandwa na hasira. Ningekuwa mkweli ningesema niliogopa, ila wakati ule niliita hasira. Niliwaambia mchoraji ni baba wa familia, mama yuko jikoni, na siku ya wazazi sitaki kusikia neno kisogo. Nikawakaririsha sentensi hiyo mara tatu, na sheria yangu ikiwa bado ubaoni nyuma yangu.

Siku ilipofika, Mama alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini. Mwalimu mkuu alimtambulisha kama mjane wa mchoraji, watu wakapiga makofi. Watoto walieleza vizuri mno. Mwanga, vivuli, sufuria, kila mmoja na sehemu yake, wazazi wakawa wananong'onezana kwa mshangao. Ikafika zamu ya Wakili. Siku hizi ni fundi umeme, na naambiwa wateja wake bado wanapata shida kubishana naye bei. Siku ile alianza sentensi niliyowafundisha, akafika katikati, akaiacha. Nilimkazia macho mpaka yakaniuma. Alikwishaacha kunitazama.

“Aliyechora alisimama nyuma ya baba,” alisema. “Watoto wanamwangalia yeye. Kiti kitupu ni cha kwake.” Kisha akamgeukia Mama. “Bibi, ulikuwa umesimama?”

Nilikuwa nimeshainuka kumtoa ukumbini. Mama alinizuia kwa kiganja, kama alivyokuwa akituzuia utotoni tukimkatiza mgeni.

“Nilikuwa nimesimama,” alisema. “Siku tisa. Chakula changu kilikuwa kinapoa.”

Sikumbuki shughuli ilimalizikaje. Nakumbuka wazazi walipotoka nilimvuta Mama mbele ya ile picha, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Miaka thelathini! Miaka thelathini namsifia Baba mbele yake, namwambia angalia alivyotupenda, hata kijiko changu alikiona, na yeye ananimiminia chai. Kwa nini hakusema?

Mama aliacha nimalize.

“Nilimwomba aniandikie jina langu pale chini, mwandiko wangu mbaya. Akaandika lake. Kwa mazoea tu, mwanangu, kila ubao aliandika lake. Tukacheka. Mgeni wa kwanza alipomsifu, baba yako aliniangalia. Nikangoja aseme. Wa pili alipomsifu, hakuniangalia.”

“Na hukuchora tena?”

“Nichore nini?”

Nilimkasirikia Baba pale pale, mwaka mmoja tu tangu tumzike. Nilimkasirikia Mama kwa kungoja. Lakini aliyenichefua kuliko wote ni mimi, niliyekuwa mkali kwa watoto wa watu kwa sababu waliona kitu nilichokitazama kila siku ya maisha yangu.

Mwalimu mkuu akaja na kadi nyeupe na kalamu nene, hajui aitazame picha au atutazame sisi. Aliuliza aandike jina gani, maana mchongaji wa fremu alikuwa anasubiri nje. Nikaichukua kalamu, nikampa Mama. Akasema tena kwamba mwandiko wake mbaya. Nikamwambia aandike hivyo hivyo ulivyo.

Aliiweka kadi juu ya mkoba wake, akainama. Aliandika jina lake, herufi zikipanda na kushuka. Akaandika la baba yake. Akaandika la babu yake. Nafasi ilikuwa imebaki, nikangoja nione kama ataongeza la mumewe. Alifunga kalamu, akanirudishia.