Waliorudi Wepesi

Jumanne asubuhi, umande haujakauka, Tabea alikwenda kwa Mchungaji Hezekia kuazima kamba. Ilikuwa kamba ya katani ya kutekea maji kisimani, ndefu, imelainika kwa mikono ya watu, na mchungaji aliitungua kutoka msumarini bila kuuliza ni ya nini. Kila mtu pale mtaani, nje kidogo ya Njombe, alijua. Lameki, mumewe Tabea, alikuwa amemaliza mkataba wake kwenye mashamba ya mkonge, na waliomaliza walirudishwa kwa lori hadi kambi ya manamba, pale njia panda ya Makambako. Hapo walishushwa. Na Makambako kuna upepo.

Mambo yalikuwa hivi. Mtu alipokwenda mkonge alipimwa kwanza kwenye mizani ya kambi, karani akaandika ratili zake. Aliyepungukiwa aliambiwa arudi kwao akalime. Baada ya mwaka na nusu, au miwili, mtu yule yule alirudi akiwa hana uzito. Alikuwa amekonda, ndiyo, lakini si kuliko mtu mwingine yeyote mwenye njaa. Mifupa ilikuwapo, ngozi ilikuwapo, meno yalikuwapo. Uzito tu ndio ulibaki huko. Madereva walisema safari ya kurudi haili petroli. Wakati wa masika mtu aliweza kufika kwao akishikilia majani ya kando ya njia, lakini kuanzia Juni, upepo wa kipupwe unapovuma kutoka kusini-mashariki, wasiokuwa na ndugu wa kuwapokea walichukuliwa. Huo ulikuwa mwaka wa tano wa vita. Majumbe walikuwa wanaletewa barua zinazotaka watu kumi na wawili, watu ishirini, na Lameki alichukuliwa kwa barua ya watu kumi na wawili.

Bibi Telesia, mama yake Lameki, alikuwa ameshafunga mzigo: kibuyu cha togwa, unga wa ulezi, sufuria ndogo na blanketi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi.

"Mfunge kiunoni, Mama Idda," alisema. "Usimfunge mkononi. Mkono huchomoka."

Tabea alimwacha Idda, bintiye wa miaka sita, kwa bibi yake, akashika njia.

Alitembea siku mbili na nusu. Alikuwa mtu wa sala tangu utoto, na hakuwa na sala nyingi bali moja aliyoirudia: Bwana, nionyeshe la kufanya, nami nitalifanya. Wakati mwingine alipata jibu, si kwa sauti, ila kwa utulivu fulani uliokuja kifuani na kumwonyesha upande. Hivyo ndivyo alivyoolewa na Lameki. Hivyo ndivyo alivyokubali kuwauguza wagonjwa wa ndui wakati watu wengine walipofunga milango. Safari hii aliomba jambo jepesi tu: afike kabla ya lori. Kwa kawaida lori lilifika jioni ya Alhamisi.

Alifika Makambako Alhamisi saa tisa alasiri. Lori lilikuwa limefika saa sita, kwa kuwa dereva alikuwa mpya na alipenda mwendo.

Karani wa kambi, kijana mmoja aliyeitwa Alois, alipitisha kidole kwenye daftari lake mpaka alipoliona jina.

"Lameki wa Njombe. Amekuja. Nimemgongea muhuri."

"Yuko wapi?"

"Amechukuliwa. Saa nane hivi." Karani alinyoosha kalamu kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa Usangu.

Alieleza bila ubaya wowote. Kila anayeshuka huambiwa ashike ua wa kambi, na Lameki alishika ua vizuri, kwa mikono miwili. Lakini alipopewa kipande chake, ile kadi ya kazi, kilichogongwa muhuri, alikipokea kama alivyolelewa, kwa mikono miwili. Karani alisema alimrukia mguu, akapata kiatu tu, nacho kilikuwa cha raba, hakikuwa na msaada. Alimpa Tabea kile kiatu. Tabea aliuliza kama alikwenda juu sana. Karani akasema hapana, kimo cha mti, na kwamba jua likizama upepo hulala, na waliochukuliwa hushuka popote ulipowafikisha. Mtu mwenye miguu mizuri, akiondoka sasa hivi, angeweza kumkuta. Asubuhi upepo huamka mapema.

Tabea alikuwa ameshageuka aende. Hapo ndipo alipomwona mtu kwenye mlingoti wa bendera.

Alikuwa ameukumbatia kwa mikono yote, na miguu yake ilielea nyuma yake, imenyooka kama shati lililoanikwa. Alikuwa na ndevu chache na macho makubwa. Vidole vyake vilikuwa vimefungana mbele ya mlingoti, na kimoja kilikuwa kimeshaachia.

Karani alisema huyo ni Mika, wa Makete, kwao ni siku nne kwa miguu. Ameshuka Alhamisi iliyopita na hakuna aliyemjia. Mkataba wake umekwisha, kwa hiyo posho yake pia imekwisha, na kambi haina amri yoyote juu yake. Saa kumi bendera itashushwa, na bwana wa kambi, ambaye amekwenda Iringa, ameagiza kwamba mlingoti wa serikali usiachwe na kitu chochote juu yake. Tabea aliuliza kama mtu huyo hawezi kufungwa kwenye mti mpaka yeye atakaporudi. Karani akasema walifanya hivyo mwezi uliopita, mtu mmoja alifungwa kwenye mkaratusi, na sakitu, baridi ya kugandisha, ilimkuta pale. Asubuhi walimfungua akiwa mgumu kama ubao, na bado hakuwa na uzito.

Tabea alikuwa na kamba moja, blanketi moja, na unga wa kumtosha mtu mmoja.

Alipiga magoti palepale uwanjani, vumbi likimpiga usoni. Akasema, Bwana, nionyeshe la kufanya. Akangoja ule utulivu. Haukuja. Alisubiri kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo. Akasema, Bwana, ni mume wangu. Akasema, nina mtoto, unamjua, anaitwa Idda. Akasema, mtume mwingine kwa huyu, nami niende kwa wangu. Aliusikia upepo, na kamba ya bendera ikigonga mlingoti, na karani akifunga madirisha ya ofisi moja baada ya jingine. Kifuani mwake hapakuwa na kitu. Alipofumbua macho, kidole cha pili cha Mika kilikuwa kimeachia.

Alisimama, akaenda akamfunga kiunoni.

Baadaye watu walipomsifu kwa jambo hilo hakupenda, kwa sababu alijua jinsi alivyolifanya. Alilifanya kwa hasira, huku akilia, na alipokuwa akikaza fundo alimwambia yule mtu maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Alimwuliza kwa nini hana mke. Alimwuliza ndugu zake wako wapi. Mika hakuelewa Kibena vizuri. Alijibu kwa Kikinga, na katika maneno yake Tabea alilishika moja tu, jina la Mungu, ambalo katika lugha zao mbili linakaribiana. Hakujua kama alikuwa akimshukuru au akimlaumu.

Akambeba mgongoni, akafunga mbeleko kama anavyobebwa mtoto. Mtu mzima, mwenye ndevu, na Tabea hakuhisi kitu ila kamba ikimvuta juu kila upepo ulipozidi. Nyuma ya kambi palikuwa na kibanda cha wapishi kilichoachwa. Aliwasha moto, akapika uji wa ulezi, akamnywesha kijiko kwa kijiko, kwa kuwa tumbo lake lilikataa zaidi. Kazi hiyo ilichukua muda wote uliobaki wa mchana. Mlangoni aliliona jua likishuka na nyasi zikitulia, na akajua kwamba wakati huohuo, mahali fulani kwenye nyasi za Usangu, mume wake alikuwa akishushwa chini, bila kiatu kimoja, bila moto.

Ijumaa alfajiri aliondoka kwenda upande huo, Mika akiwa mgongoni. Alitembea mpaka mchana, akiita. Aliwakuta wachungaji wawili wa ng'ombe, akawaamkia, "Kamwene," akawauliza, wakamwambia ndiyo, jana walimwona mtu akipita juu yao. Asubuhi hii hawakumwona, lakini upepo ulikuwa umeanza mapema. Tabea aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha Mika akaanza kutetemeka, na unga ulikuwa umebaki konzi moja. Tabea aligeuza njia.

Jumatatu jioni alifika nyumbani. Bibi Telesia alikuwa amefagia uwanja, ameweka kigoda mlangoni na viazi motoni. Alimwona mkamwana wake akipanda mlima, ameinama, ana mtu mgongoni chini ya blanketi, naye, kwa umri wake ule, alikimbia. Alifika akiwa amenyoosha mikono. Akafunua blanketi.

Alimtazama Mika muda mrefu. Hakuuliza huyu ni nani. Tabea alimweleza yote pale pale njiani, kiatu, mlingoti, kamba, wachungaji, bila kujitetea, na mama mkwe wake alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Na wangu, nani amemfunga kamba?"

Bibi Telesia alikirudisha kigoda ndani. Lakini viazi vilikuwa vimeiva, na ndani kulikuwa na mtu mwenye njaa, kwa hiyo alimlisha. Alimlisha kila siku kwa wiki sita, bila kusema naye, akikisukuma chakula mbele yake kwa nguvu kiasi cha kumwaga mchuzi. Usiku walimlaza chini ya kinu, asielee. Wiki ya tatu kigoda kililia alipokikalia. Wiki ya tano nyayo zake zilionekana kwenye matope. Idda alizifuata akiweka vidole vyake ndani yake, na bibi yake akamwita aingie ndani. Wiki ya sita Mika alipiga magoti mbele ya Bibi Telesia, akaaga, akaenda kwao Makete akiwa na mawe mawili mifukoni kwa tahadhari. Lameki hakuonekana.

Tabea alimwendea Mchungaji Hezekia kurudisha kamba, akamwuliza kama alifanya lililo sawa. Alimweleza kwamba aliomba na hakujibiwa. Mchungaji alikuwa mtu mkweli. Alisema hajui. Wazungu wa misheni walikuwa wamekusanywa na serikali tangu vita ilipoanza, hapakuwa na wa kumwuliza, na yeye mwenyewe kila Jumapili aliomba juu ya watu wa mkonge na kila Jumatatu alikuwa palepale. Alisema pengine jibu lilikuwa kile kidole cha pili kilichoachia. Tabea akasema kama ni hivyo, Mungu amesema naye kwa ukali sana. Mchungaji akasema ndiyo. Kisha akamwambia ile kamba akae nayo.

Mchungaji aliandika barua kwa ofisi ya mkonge. Alieleza kwa heshima kwamba watu wanaondoka na uzito wao na wanarudi bila huo, akaomba wapimwe pia wanaporudi, ili ijulikane. Jibu lilikuja mwezi wa Agosti, limepigwa taipu. Ofisi ilimshukuru. Fomu haikuwa na nafasi ya uzito wa kurudi. Hata hivyo, kwa kuwa idadi ya wanaoshuka imekuwa haiafikiani na idadi ya wanaopandishwa, malori yote yatafungwa turubai imara juu. Chini ya hayo iliandikwa kwamba wilaya inatakiwa kutoa watu wengine sitini. Mchungaji aliisoma barua hiyo yote kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, kwa sababu aliagizwa aisome. Watu waliitikia wimbo uliofuata.

Jumatatu ya wiki ya malori Tabea alifunga mzigo wake, unga mwingi zaidi safari hii, na blanketi nne alizokusanya kwa akina mama wa kanisa. Alipotoka mlangoni alimkuta Bibi Telesia uwanjani, amevaa, ana fimbo, ameviringisha kamba mpya begani. Idda alikuwa ameshapelekwa kwa jirani. Walikwenda polepole, siku tatu, kwa sababu ya miguu ya mama.

Alhamisi malori yalikuwa mawili. Lile la kurudi lilileta watu tisa, na Tabea akaanza kuwafunga viunoni, mmoja mmoja, wakingali chini ya turubai. Lameki hakuwamo. Bibi Telesia alitazama nyuso zote tisa, kisha akatoka, akapita upande wa pili wa uwanja, ambako wale sitini walikuwa wamejipanga kungojea mizani. Karani Alois alimwacha apite. Hakukuwa na amri juu ya wanawake wazee. Alianza na wa mbele. Alimwuliza kila mmoja jina la mama yake na kijiji chake, akalirudia kwa midomo, akaenda kwa mwingine. Hakujua kuandika na hakuhitaji: lori likiwarudisha, angejua mama wa kuita.

Wa mwisho alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, na alipopanda mizani chuma kililia. Karani aliandika ratili mia na sitini na mbili.

"Mama yako nani?" Bibi Telesia aliuliza.

"Esteria. Wa Mawengi."

"Mawengi ni mbali," alisema, akalirudia jina hilo mara mbili, lisije likampotea.