Kipande Kilichopinduliwa

Kuna sifa zinazowasha kama upupu. Mwalimu alizipata kwenye mafunzo ya walimu wa hesabu, pale alipokata karatasi yenye umbo la trapeza, lile lenye upande mfupi juu na mrefu chini. Aliikata kati kwa kati, akakipindua kipande cha juu na kukiunga ubavuni mwa cha chini, na eneo likaonekana bila kukariri kanuni yoyote. Walimu wakapiga makofi, wakamwita mbunifu. Akatabasamu huku roho inamsuta. Kilemba cha ukoka kile, na alijua fika.

Mbinu haikuwa yake. Ilikuwa ya bintiye, enzi alipomfundisha darasa la sita. Mtoto aliiacha kanuni ubaoni, akachukua mkasi, akaleta jibu sahihi. Naye, eti asionekane anampendelea mwanawe, akampa sifuri na kumwambia mbele ya wenzake, "Hii ni hesabu, si ushonaji." Darasa likacheka mpaka basi. Tangu siku hiyo mtoto hakunyoosha mkono tena, na baba mtu akadhani amemtia adabu.

Sasa binti ni fundi wa makochi. Mwalimu alimkuta kibandani kwake amepiga magoti sakafuni, chaki sikioni. Kitambaa cha mto kilikuwa kimepunguka. Binti akakitazama kidogo, akakikata, akapindua kipande kimoja, akakiunga pembeni. Kikatosha barabara.

"Karibu, baba. Mbona umesimama kama mgeni?"

Mwalimu akapiga moyo konde. "Mwanangu, nilikukosea. Ile karatasi uliyoikata darasani, ulikuwa sahihi. Leo nasifiwa kwa akili yako. Kesho twende wote, uwaonyeshe walimu mwenyewe."

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa machozi. Binti akacheka tu, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

"Mimi na hesabu wapi na wapi, baba? Utaaibika bure."

"Lakini hicho ulichokata sasa hivi ni kitu kile kile."

Binti akakitazama kitambaa, kisha akampapasa baba yake begani.

"Hii si hesabu, baba," akasema. "Ni ushonaji."

Wala hakuwa anampiga kijembe. Aliamini kabisa, na hilo ndilo lililomkata mwalimu maini.