Vifuniko vya Askari wa Karatut

Oydin aliporudi Karatut kutoka Samarkandi, alikokwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, alipitia makaburini kabla ya kufika kwake. Makaburi hayakuwapo. Palikuwa na uwanja mtupu, umesawazishwa, umefagiliwa na kunyunyiziwa maji ili vumbi litulie.

Pale walilala askari wa Kipolandi tangu ile homa ya chawa ya mwaka 1942. Walikuwa wametoka kwenye kambi za vifungo za Urusi, wakafia Karatut wakingoja kupelekwa vitani. Misalaba yao ya mbao iliibwa ikawa kuni majira yale yale ya baridi. Wenzao wakachukua vifuniko vya makopo ya kulia chakula, wakakwangua majina kwa msumari, wakavifunga kwenye vyuma na kuvichomeka makaburini. Mama yake Oydin alivitunza, na alipofariki Oydin akaendelea. Kila masika alipandisha udongo kwenye matuta na kusimamisha vifuniko vilivyoinama.

Mardon, mwenyekiti wa mtaa, alimkuta amesimama pale na mizigo yake.

"Umeona, dada? Msaragambo wa mtaa mzima! Trekta kutoka shamba la pamba, wanawake na mafagio yao, pilau hadi watu wakavimbiwa. Wapolandi wanakuja kukarabati makaburi ya watu wao, basi wakute pasafi."

"Vifuniko viko wapi?"

"Yale makopo ya kutu? Tumeyatupa. Ulitaka wageni wakute takataka, wakaseme kwao kwamba Karatut hatuna haya?"

"Yalikuwa majina, Mardon."

"Majina watayachonga kwenye marumaru. Wanayo yote huko kwao."

"Na marumaru itajua nani kalala wapi?"



Oydin alitafuta wa kumlaani, asimpate. Karatut, mgeni akitarajiwa, hata paa la banda la kuku hufagiliwa. Angekuwapo siku ile, pengine naye angeshika fagio, ila angeanza kwa kuwazuia wasiguse vifuniko.

"Na mforsadi wangu?" aliuliza. "Nilikuwa natambulia kila kaburi kwa mti ule."

"Tumeung'oa. Matunda yanaiva sasa hivi, yangewadondokea wageni viatuni. Doa la forsadi unalijua mwenyewe."

Oydin aliketi juu ya mizigo yake. Majira ya baridi alikuwa ameongea kwa simu na Danuta Karwat, bibi wa Kipolandi ambaye alikuwa Karatut akiwa na miaka saba, siku baba yake alipozikwa. Mama yake Danuta, kabla ya kufa, aliagiza udongo wa bustani ya nyumbani ukamwagwe juu ya kaburi la mumewe. Oydin alimwambia, "Njoo. Baba yako yupo, na mahali pake napafahamu."

Siku ya pili Mardon alikwenda mwenyewe kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji ya shamba. Alirudi na gunia mgongoni, viganja vimechanika.

"Huyu hapa Karwat!" alisema akipunga kifuniko. "Mzima, hana hata tundu."

Walivipanga uwanjani, wakavihamisha, wakavipanga tena. Oydin alisimama alipodhani mti ulikuwa, akapiga hatua kuelekea mferejini, akasita, akarudi. Kila sehemu ilifanana na nyingine.

"Dada, chomeka popote," Mardon alisema kwa sauti ya chini. "Mama wa watu anatoka mbali. Afarijike, aende zake."

"Wewe wangekupeleka ukalilie kaburi la mtu mwingine, ungefarijika?"

"Nisingejua."

Asubuhi aliyofika Danuta, Oydin alichomeka kifuniko cha Karwat pale moyo wake ulipoegemea.

Danuta alikuja na mkoba wa kitambaa, akiongea Kirusi cha kukwama. Alipiga magoti, akapapasa jina la baba yake kwa kidole gumba. Akaanza kufungua kamba ya mkoba. Halafu akainua macho kwenye ule uwanja mtupu.

"Palikuwa na mti."

"Umeng'olewa, mama," Mardon alisema. "Ili usichafuke viatu."

Danuta aliangalia viatu vyake, vyeupe kwa vumbi la safari.

"Oydin, una hakika ni hapa?"

Oydin alikuwa amejiandaa kuitikia. Ulimi haukufanya kazi aliyoutuma.

"Sina."

"Kwenye simu ulisema unapafahamu."

"Nilipafahamu."

Danuta aliifunga kamba tena, taratibu. Hakupaza sauti. Mardon alivua kofia yake akabaki kuikunjakunja.

Jioni, chai ikiwa imepoa bila kunywewa, Danuta aliusukuma mkoba kwa Oydin. "Siwezi kuurudisha nyumbani. Kubahatisha nako sitaki. Siku ukikumbuka, umwage." Kifuniko aliondoka nacho.

Mafundi walikuja, wakafanya kazi nzuri. Ukuta ulijengwa, mawe meupe yakasimama kwa mistari iliyonyooka, kila jiwe na jina lake, na chini ya kila jiwe huenda yupo yeyote, huenda hayupo mtu. Siku ya ufunguzi bendi ilipiga, na watu wa Karatut walisema, kwa haki kabisa, kwamba hapajawahi kupendeza hivyo.

Mkoba umekaa kwenye shubaka kubwa la ukutani kwa Oydin, pembeni ya magodoro ya wageni. Mkaza mwanawe aliwahi kuuliza kama udongo ule si wa kupandia maua. "Uache ulivyo," alijibiwa.

Kila masika, forsadi za majirani zikianza kuiva, Oydin hujifunga kitambaa kichwani, huuchukua mkoba, akaenda kusimama katikati ya mawe hadi jua linapomchoma utosini. Njiani kurudi hupita mlangoni kwa Mardon, ambaye siku hizi haongei sana.

"Umekumbuka, dada?"

"Bado, Mardon."