Punje za Arlene

Delmar alimpiga Lyle kwa chupa ya mahindi, na damu ikaruka mpaka kwenye mayai ya wateja. Ugomvi wenyewe wa kipuuzi, lakini upuuzi ndio unaovunja watu taya.

Chupa zilikuwa za Arlene, dada yake Delmar, mwenye mgahawa pale mjini, jimbo la Iowa, Marekani. Kila msimu wa mchujo wa urais alizipanga kaunta, kila mgombea na chupa yake, na mteja akimaliza kahawa alitia punje kwa amtakaye. Chupa iliyojaa haikuwahi kukosea mshindi wa mji, na waandishi walishazoea kuja kumuuliza. Safari hii chupa ya gavana, ambaye Delmar ndiye aliyemfanyia kampeni mjini, ilikuwa na punje za kufunika kitako tu. Lyle, mteja wa siku zote aliyekuwa upande wa mgombea mwingine, akasema kwa sauti kwamba hizo hata kuku hazimshibishi. Basi, kikanuka.

Arlene akajitosa katikati kuwaamua. Delmar akamsukuma akaangukia jiko, mkono ukambabuka ngozi.

"Ungeongeza konzi moja tu, dada," Delmar akasema huku anahema. "Nani angejua?"

"Ningejua mimi."

"Basi kuanzia leo huna ndugu."

Na ni dada huyo aliyemlea tangu mama yao afe! Arlene alilia kama mtoto, na hakuona haya kulia.

Katika chama chao mchujo hauna siri. Mnakusanyika ukumbi wa michezo wa shule, kila kundi kona yake, na unahesabiwa uliposimama, jirani zako wakikukodolea macho. Kundi lisilofikia kiwango cha watu kilichowekwa linavunjwa, na watu wake wanahamia kona nyingine. Siku hiyo Lyle alikuja taya limefungwa waya, na kabla watu hawajatulia mwanawe alishampasua Delmar mdomo. Walitenganishwa kwa viti na mateke. Msimamizi akahesabu kona ya gavana: imepungukiwa mtu mmoja. Wanaotaka kuhama wahame sasa, akatangaza.

Arlene alikuwa kona ya wengi. Akamwona mdogo wake anatema damu, anawaita watu kwa majina, nao wanampa kisogo. La dada yake hakuliita. Moyo ukamkatika. Potelea mbali utabiri, potelea mbali waandishi. Akaanza kuvuka ukumbi.

Delmar alipomwona anakuja, alijua moja tu, kwamba kaja kumsuta mbele za watu.

"Umekuja kunicheka?"

Hakungoja jibu. Ngumi ikamkuta Arlene shavuni, akaanguka chali, kisogo kikalia sakafuni.

"Nilikuja kusimama na wewe, mjinga we," Arlene akasema, damu ikimtoka puani.

Delmar akapiga magoti, akataka kumwinua. Arlene akausukuma mkono wake. Nyuma yao watu wa gavana walikuwa wanaokota makoti yao, wanahamia kona nyingine bila kumtazama.