Shimo Lililokunywa Mchanga

Shimo lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, pana kama sufuria ya chai ya watu watatu, na kina chake kisingemtisha hata panya. Chupa alilichimba mwenyewe kwa patasi na kijiko katikati ya barabara mpya ambayo bado haijavikwa lami. Kila punje ya changarawe iliyotoka humo aliitia kwenye mfuko na kuufunga, ikapimwe uzito.

Ndiyo kazi yake hiyo, kujua kama tabaka limeshindiliwa likashiba au limejifanya tu. Unachimba kishimo, unapima uzito wa kilichotoka, kisha unakijaza mchanga mkavu wa maabara kutoka kwenye chupa yako, ili ujue kilikuwa na ukubwa gani. Tabaka likifaulu, mafundi husema limelala, au barabara imelala. Lisipolala halifunikwi, hata aje nani na suti gani. Na kwa kuwa ile chupa ya mchanga haikumtoka mkononi, wenzake wakiapa kwamba huenda nayo mpaka msalani, pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

"Mjomba, zima hilo rola," alisema. "Ukitikisa ardhi, mchanga wangu unajishindilia nao, kipimo kinaharibika."

Dereva wa rola alikuwa mjomba wake wa damu, kaka wa mama yake, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa. Walimwita Tetemeko, kwa sababu alipopita na rola lake vyombo viligongana kabatini hadi mtaa wa tatu, na inasemekana meno ya bandia ya mama mmoja yalianza kusema yenyewe ndani ya glasi.

"Nazima, mpwa wangu, nazima. Kumbe mimi nataka nini zaidi ya kuambiwa nipumzike?" Akazima, akajitandaza chini ya kivuli cha mtambo wake, na kabla Chupa hajafuta vumbi kwenye sahani yake ya kupimia, mjomba alikuwa anakoroma kwa sauti ambayo nayo ilistahili kuzimwa.

Chupa akaifungua koki ya chupa yake.

Mchanga ukaanza kushuka. Kwa kawaida hushuka, hujaza, hutulia, na zaidi ya nusu hubaki ndani ya chupa. Safari hii haukutulia. Uliendelea kuteremka taratibu, kwa sauti ya mtu anayenong'ona, mpaka chupa ikawa tupu. Akaigonga. Tupu. Akachungulia shimoni, akitarajia kuuona umejaa hadi juu. Shimo lilikuwa kavu, wazi, kama halijawahi kupewa kitu.

"We!" alisema peke yake.

Alikwenda kwenye toroli, akachota mchanga wa akiba kwa ndoo, akaumimina. Ukaenda. Akamimina ndoo nyingine. Ukaenda nao. Akakokota gunia zima, lile ambalo maabara hulitumia muda mrefu bila kulimaliza, akaliinamisha na kulishikilia, na shimo likalinywa gunia bila hata kucheua. Hapo kijasho chembamba kikaanza kumtoka, si cha jua. Akalala kifudifudi, akasogeza shavu karibu na mdomo wa shimo. Kutoka chini, hewa ya baridi ikampuliza jichoni.

Barabara haipaswi kuwa na pumzi.

Akarudi nyuma kwa magoti, polepole, akiogopa kusimama, kana kwamba uzito wa miguu yake ndio utakaofanya mambo yawe mambo. Alivuta sahani, mfuko na gunia, akavitoa vyote pembeni. Alifikiria kumwamsha mjomba. Lakini amwambie nini? Kwamba shimo limekunywa gunia? Tetemeko angecheka mpaka jioni, kisha angelihadithia kila kijiwe. Bora ajue kwanza. Akaikumbatia chupa yake tupu, akateremka ukingo wa tuta kutafuta.

Alilipata kwenye majani marefu, lango dogo la mawe lenye giza. Lilikuwa kalavati, njia ya maji chini ya barabara ya zamani. Kwenye michoro lilikuwa limeandikiwa kung'olewa na kujazwa udongo mpya tabaka kwa tabaka. Mafundi waliotangulia walilimwagia kifusi juu tu, rola likapita, wakaenda zao. Kisha zikaja mvua za juzi, maji yakapita humo kama enzi zile, yakawa yanalamba kifusi kutokea chini, kidogo kidogo.

Akawasha tochi ya simu, akaingia akitambaa.

Ndani kulinuka matope ya zamani. Alipofika katikati aliuona mchanga wake, umekaa chini kwenye lundo dogo safi, jeupe, lenye ncha, kama mtu kauandaa. Alilizunguka lundo, akasogea upande wa pili ili atazame vizuri, kisha akainua tochi juu.

Hakukuwa na dari. Mawe yaliyoezeka kalavati yalikuwa yameshaanguka zamani. Kilichokuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake ni ile barabara mpya yenyewe, tumbo lake wazi, changarawe zikishikana kwa adabu tu. Na katikati, uzi mmoja wa mwanga wa jua ulipenya kutoka kwenye shimo lake. Unene wa barabara yote, ile itakayopitiwa na mabasi na malori, haukufika urefu wa kiganja.

Alitaka kutoka. Akabaki ameinua tochi.

Wakati yeye amepigwa na butwaa huko chini, juu mambo yalikuwa yakienda hivi, kama walivyokuja kumsimulia baadaye. Mwisho wa kipande alisimama Mama Bendera, mwanamke mwembamba anayezuia magari kwa bendera nyekundu na kuyaruhusu kwa ya kijani, na mwenye kutunza redio ya mawasiliano. Redio hiyo ilikuwa mbovu. Ilimeza mwanzo wa maneno mengi. Upande wa pili alikuwa injinia wa mkandarasi, waliyembandika jina la Kesho-Lami, maana tangu mradi uanze haijapita siku bila yeye kusema maneno hayo mawili.

Injinia akauliza, "Vipi hapo, imelala?"

Redio ikatoa, "...pi hapo, ...melala?"

Mama Bendera akatazama. Barabara hakuifikiria hata kidogo. Alimwona Tetemeko kivulini, tumbo likipanda na kushuka. Akajua watu wamemchongea dereva kwa bosi.

"Amelala, bosi! Amelala fofofo!"

Na huko kwa injinia ikafika, "...melala fofofo!"

"Safi sana!" Kesho-Lami akapiga kofi usukani. "Basi Tetemeko apige pasi mara ya mwisho. Naja na lami!"

Mama Bendera akaenda kumtikisa dereva. "Amka wewe! Bosi kajua umelala. Kasema upige pasi, yuko njiani na lami."

"Nani kamwambia nimelala?"

"Hewa. Panda."

"Mpwa wangu yuko wapi?"

Walitazama huku na huku. Barabara nyeupe, vifaa vyote vimetolewa pembeni. "Si kamaliza," alisema Mama Bendera. "Ingekuwa hajamaliza, lami ingeitwa?"

Ilikuwa hoja nzuri. Tetemeko akapanda.

Chini ya barabara, Chupa aliisikia kabla hajaielewa. Kwanza maji ya kidimbwi yalianza kufanya viwimbi vidogo. Halafu punje ya changarawe ilimdondokea begani. Halafu nyingine, shingoni. Kisha mngurumo, ule anaoufahamu tangu utotoni, wa mtambo wa mjomba wake, ukaja ukipanda.

"Mjomba!" alipiga kelele. "Mjomba, simama! Niko huku!"

Sauti yake ikamrudia usoni. Aligeuka atokee upande wa pili, akamulika, akakuta udongo ulioporomoka na mvua umeuziba mpaka juu. Njia ni moja tu, ile aliyoingilia, na ili aifikie lazima apite chini ya ule uzi wa mwanga. Alijivuta mbele. Udongo ukawa unamwagika sasa kama mvua ya kwanza. Alikuwa bado hajalifikia lundo lake la mchanga pale uzi wa mwanga ulipozimika.

Rola lilikuwa juu yake. Si karibu. Juu yake.

Na likasimama.

Lilisimama kwa sababu Mama Bendera alikuwa amepaza sauti, "Tetemeko! Umesahau chakula chako huku, mbwa atakula!" Naye Tetemeko, mtu asiyefanya mzaha na chakula chake, akakanyaga breki pale pale, akapunguza moto wa injini, akageuza shingo kujibu. Tani zile zote zikatulia juu ya ganda la barabara lisilofika kiganja. Chupa alisikia ganda likilia. Mlio mwembamba, wa mti unaoinama. Ufa ulitambaa juu yake, ukafika ukutani, ukateremka.

Hakuthubutu tena kupiga kelele kwa nguvu. Aliona kama sauti yenyewe ingetosha kuangusha. Aliuelekeza mdomo juu, penye shimo lililozibwa sasa na chuma, akaita kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, kama anavyomwita akiwa na shida.

"Mjomba... Mjomba wangu... usitikisike."

Tetemeko alisikia. Alitazama kulia, hakuna mtu. Kushoto, hakuna. Sauti ikaja tena kutoka chini ya gurudumu la chuma, ya upole, ikimwita mjomba. Nywele zilimsimama hata zile za masikioni. Hakuzima injini, hakushuka ngazi. Aliruka, na waliokuwapo wanasema mwili ule haukugusa ardhi mpaka ulipomfikia Mama Bendera.

"Barabara inaniita mjomba!"

"Umelewa?"

"Inaniita mjomba, nakwambia! Ina sauti ya mpwa wangu!"

Ndipo alipojisikia maneno yake mwenyewe. Uso ukamgeuka rangi. "Ina sauti ya mpwa wangu," alirudia, taratibu, na safari hii akaanza kukimbia kuelekea kule kule alikotoka mbio.

Chini, kule kuruka kwake kulitosha. Jiwe la kwanza la ukuta lilitoka. Chupa hakufikiria tena. Alijitupa mbele, akapita juu ya lundo lake kwa tumbo, mchanga ukimjaa mdomoni, kiatu kikabaki kimebanwa, akauacha mguu utoke mtupu. Nyuma yake kitu kikubwa kikapumua. Halafu upepo wa vumbi ukamsukuma kutoka nje ya kalavati kama mtu anayefukuzwa nyumba, akaangukia majanini.

Alipoinua kichwa, rola lilikuwa limezama mpaka kwenye kiti. Injini ilikohoa mara kadhaa, ikanyamaza. Juu ya shimo, mjomba wake alikuwa amepiga magoti akichimbua kifusi kwa kucha, akilia kwa sauti kubwa, akimwahidi Mungu vitu ambavyo hana.

"Mjomba," alisema Chupa kutoka nyuma.

Tetemeko aligeuka, akaona kitu cheupe chote kuanzia nywele mpaka kidole, macho mawili mekundu, mguu mmoja pekupeku. Alitaka kukimbia tena. Badala yake akakaa chini tu, akamshika kifundo cha mguu, akakiminya kujua kama kina damu.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Chini yako."

Hakucheka. Aliendelea kukishika kile kifundo.

Kesho-Lami alifika na tipa mbili za lami zikifuka moshi. Alishuka na mikono hewani. "Nini hii? Si mmeniambia imelala?"

"Nilisema *amelala*!" Mama Bendera akamwonyesha Tetemeko kwa bendera. "Huyu! Huyu hapa!"

Injinia alisogea ukingoni mwa shimo, akatazama chini, akaona kalavati, akaona kiatu kimoja kikichungulia kwenye mawe. Tai aliyovaa aliilegeza. Alimgeukia Chupa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakusema lami.

"Hili lilikuwa la kung'olewa," alisema.

"Ndiyo."

"Waliopaswa kuling'oa ndio wale wale walioshughulikia kile kipande cha nyuma? Kile tulichokwisha kufungua?"

Chupa alitema mchanga. "Ndio wale wale."

"Na huko kulikuwa na makalavati ya zamani?"

"Mawili."

Hakuna aliyemwambia mwenzake ageuke, wakageuka wote. Nyuma yao barabara ilitandaza lami nyeusi, laini, yenye mistari myeupe iliyonyooka, nzuri kama ya kwenye picha. Kwa mbali basi lilikuwa linakuja, limejaa mpaka ngazini.

Mama Bendera alikimbia akipeperusha nyekundu kwa mikono yote miwili, wenzake watatu nyuma yake. Basi lilipiga breki, likaserereka, likasimama. Abiria wakatoa vichwa madirishani, wakaanza kutukana. Dereva akashuka, miwani ya jua kichwani, amekasirika.

"Mama, kwani nini sasa? Barabara safi namna hii mnatufungia ya nini?"

"Baba, washushe watu," alisema Chupa. "Taratibu. Mmoja mmoja. Watembee pembeni, kwenye majani."

"Kwenye majani? Watu wamelipa nauli! Hii barabara ina kasoro gani? Jiwe tupu hili!" Na ili wamwelewe, dereva akainua mguu, akaikanyaga lami kwa kisigino, kwa nguvu, mara mbili, tatu.

Wote wanne waliruka nyuma.