Nadhiri ya Ngazi Elfu

Ningamma alishuka treni Mysuru asubuhi na mapema, vifuko vya manjano na kumkum, unga mwekundu wa ibada, vimefungwa kwenye pindo la sari. Huko Maddur mumewe alijua amekwenda kununua nguo za sikukuu. Nadhiri ukiitangaza hupungua nguvu, ndivyo alivyolelewa.

Akapanda basi hadi chini ya mlima wa Chamundi, akavua ndara, akaanza. Kidato cha kwanza: doa la manjano, doa jekundu la kumkum, jina la Mama wa mlimani, mungu wa kike Chamundi. Cha pili vivyo hivyo. Vidato ni elfu na ushei, naye alikuwa na miaka hamsini na minane na mgongo usiopenda kuinama. Lakini binti yake Rukmini, aliyeolewa Bengaluru, mimba mbili zilikwisha kumtoka, na hii ya tatu imeingia mwezi wa tano.

"Usimwambie mtu, Mama," Rukmini alimnong'oneza kwenye simu. "Hasa mama mkwe wangu."

Amwambie vipi? Ningamma na Sakamma hawakusemezana tangu siku ya arusi, mwaka wa tano huu. Siku hiyo Sakamma, mama wa bwana arusi, alimega holige mbele ya wageni mia tatu, akatafuna polepole, akasema kwa sauti: "Kumbe hata wenye mashamba ya miwa huibania sukari guru!" Watu wakaangua kicheko. Ningamma, aliyekesha siku mbili akisukuma chapati zile tamu, akamjibu kwamba ulimi uliozoea uchungu haujui utamu. Ikawa ndiyo basi.

Alipofika kama kidato cha mia nne alisikia mtu akifoka mbele yake.

"Rudisha! Rudisha, mwizi we! Mkia kama kamba ya ndoo!"

Kima mkubwa alikuwa juu ya ukuta, amekumbatia mfuko wa nailoni. Akaurarua kwa meno, akaonja, akapiga chafya, akaumwaga wote. Unga mwekundu ukatimka ukamrukia Ningamma miguuni. Na mwanamke aliyekaa pale kidatoni, mikono magotini, alikuwa Sakamma.

Wakatazamana.

"Cheka tu, Mama Rukmini," Sakamma alisema. "Usijibane, utapasuka."

"Sicheki mimi. Namwonea huruma kima. Naye kaonja, kakuta hakuna sukari."

Sakamma akamkazia macho. "Hilo umelitunza miaka mitano?"

"Na mengine ninayo."

"Umefuata nini huku?"

"Natembea."

"Na manjano vidoleni?"

"Na wewe je?"

"Natembea vilevile."

Ningamma akampita. Akapanda vidato vitatu, akavipaka, akageuka. Sakamma alikuwa amepiga magoti, anakwangua unga kwenye mwamba kwa kucha, mchanga na yote, anautia kiganjani. Goti moja lilikuwa limevimba kama papai. Ningamma akasimama kidogo, kisha akashuka.

"Acha kukwangua mawe. Chukua wangu."

"Nadhiri yangu haiwezi kumalizwa kwa unga wako."

"Inategemea ni nadhiri ya nini."

Sakamma akatazama pembeni. "Mwanangu Devaraju aliniapisha nisiseme. Hasa kwako."

"Mwezi wa tano," Ningamma alisema.

Sakamma akashtuka. "Unajua?"

"Nisijue vipi? Si mwanangu?"

"Basi sote tuliambiwa, kila mtu kivyake! Devaraju aliniambia, 'Mama, mkijua nyote wawili mtamgombania mtoto kabla hajazaliwa.'"

Ningamma akaketi. Alimfikiria Rukmini, aliyekwisha kuzika matumaini mawili, kumbe juu ya hofu hiyo anabeba na hofu ya vizee viwili.

"Wanatuogopa," alisema.

"Wana haki." Sakamma alipangusa kucha zake kwenye sari. "Ile holige ilikuwa tamu, mkwe mwenzangu. Mwana ninaye mmoja tu. Siku ile niliwaona watu wenu wamejaa ukumbi mzima, nikahisi nimenyang'anywa. Mdomo ukanitangulia."

Ningamma alifungua pindo, akammiminia unga kiganjani.

Wakapanda pamoja. Mgongo wa Sakamma ulikuwa mzima, kwa hiyo yeye ndiye aliyeinama na kupaka. Magoti ya Ningamma yalikuwa mazima, kwa hiyo yeye ndiye aliyemvuta kila kidato. Kwenye fahali mkubwa wa jiwe walipumzika, wakala matango yenye pilipili. Mji ulikuwa chini yao, na katikati yake makuba mekundu ya kasri la wafalme.

"Nimezaa, nimezeeka, na mle ndani sijatia mguu," Sakamma alisema.

"Hata mimi. Siku zote huja sokoni, nikarudi."

Huko juu hekaluni walivunja nazi moja kwa nadhiri mbili. Kisha wakateremka kwa basi, wakaenda kasrini. Katika ukumbi wa baraza la mfalme, chini ya nguzo za dhahabu na buluu, Sakamma alitembea kwa kuchechemea, kichwa kimeelekea juu.

"Nani alikuwa akifuta vumbi kule?" aliuliza.

"Mkwe wa mtu," Ningamma alimjibu, na mlinzi akawaomba wacheke polepole.

Walipotoka, waliketi kwenye nyasi, Ningamma akampigia simu Rukmini.

"Mama? Uko wapi, mbona makelele?"

"Mysuru, kwenye kasri."

"Na nani?"

Ningamma akampa Sakamma simu. "Na mimi, binti yangu."

Rukmini akaanza kucheka, kicheko chenye machozi ndani yake.

"Mmegombana?"

"Kidogo tu, asubuhi."

"Alhamisi nakwenda kwa daktari," Rukmini alisema. "Njooni. Wote wawili."

Jumatano wakapanda treni moja kwenda Bengaluru, wakibishana njia nzima mtoto azaliwe kwa nani. Kabla ya kufika, Sakamma alikubali azaliwe Maddur kwa mama yake Rukmini, kama desturi ilivyo, mradi naye awekewe kitanda humo humo. Na Alhamisi, daktari alipowasikilizisha moyo mdogo ukidunda mbiombio, wakainama wote wawili kuusikiliza, bega kwa bega.