Mtungi wa Mekadzo

Kila Jumatatu saa mbili za asubuhi, kabla hajagusa chupa hata moja, Kadzo alilipangusa vumbi bomba la kuogea la dharura. Lilikuwa bomba zuri, la chuma, lililopakwa rangi ya kijani, kichwa chake kipana kama ungo na mnyororo wa kuvuta ukining'inia. Lilisimama pembeni mwa maabara mwaka wa tatu huo. Kasoro yake ilikuwa moja tu, halikuwa na paipu ya kuliletea maji. Bwana Njenga, meneja, alishasema paipu inakuja.

Maabara yenyewe ilikuwa Sabaki, karibu na pale mto unapoingia baharini, na shughuli yake ilikuwa makumbi ya nazi. Zamani kuutoa usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, kwenye kumbi ilikuwa kazi ya miezi. Wanawake waliyafukia makumbi kwenye tope la mto, wakayaacha yakalainika, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa vigogo mpaka nyuzi zikaachana. Sasa kampuni ilikuwa na kimiminiko kwenye chupa za rangi ya kahawia, na makumbi yalikuwa yakiachia nyuzi humo kwa saa moja tu. Mwikali, fundi wa maabara aliyetoka Kitui, aliwaambia wafanyakazi siku ya kwanza kwamba ile ni chumvi.

"Chumvi gani hiyo ya maji, dada?" Mwambire aliuliza.

"Chumvi iliyokataa kuganda," Mwikali akajibu. "Haina harufu, haikauki, haipandi hewani. Tone likianguka mezani leo, mwakani utalikuta papo hapo likikungoja. Na linauma polepole. Ukilisikia, ujue limeshafika ndani."

Akawafundisha masharti. Chupa isionje maji kamwe, kwani ikiingia unyevu inafuka moshi wa asidi. Lakini chumvi ikimgusa mtu, maji, maji tele yanayotiririka, robo saa nzima, wala asipakwe kitu. Mabaki yatiwe kwenye pipa la manjano, yasimwagwe kwenye sinki. Na mtu asiisogelee bila miwani ya kinga na glavu nene za kufika viwikoni. Miwani na glavu hizo zilikuwapo, Mungu apewe haki yake. Zilikaa ndani ya kabati la kioo mlangoni, limefungwa kufuli, ili wakaguzi wakija wazione. Wafanyakazi walipewa glavu nyepesi kama za wauguzi, ambazo zikikaa kwenye chumvi ile zinavimba, kisha zinachanika.

Mwambire ndiye aliyetangulia. Mwaka uliopita tone lilimrukia jicho la kushoto. Akakimbilia bombani, akavuta mnyororo, akaanguka mjusi kafiri. Akavuta tena, hola. Basi akafanya kile alichofundishwa tangu utotoni, kwamba palipoungua hupakwa mafuta ya nazi. Kahonzi wa jikoni akaleta chupa, akampaka kwa huruma zote, na yale mafuta yakaifunika chumvi ikala kwa raha zake. Siku hizi Mwambire ni bawabu. Mwenyewe husema lango ni moja na jicho ni moja, hakuna kilichozidi. Njenga alimpelekea pole na chungwa, akasema paipu inakuja.

Zamu ya Kadzo ilifika siku ya Jumanne, wakati wa vuli. Alikuwa sinkini anaosha bilauri za kioo, akasikia kifundo cha mkono kinawasha kama aliyekata pilipili. Akatazama, glavu imepasuka. Kabla hajaita mtu, mlango wa nyuma ukafunguka, na mama yake akaingia na mtungi kichwani.

Mama yake alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Alizikwa kijijini Ganda, na leso aliyozikwa nayo aliichagua Kadzo mwenyewe. Alipokuwa hai watu walimwita Mekadzo, yaani mama yake Kadzo, na jina lake la kuzaliwa wakalisahau. Siku hiyo alivaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, na miguu ilikuwa imejaa tope mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mkono."

Akamvua glavu, akainamisha mtungi, akaanza kummiminia. Na huku anaimba ule wimbo wa kupondea makumbi. Aliuimba mara tatu, na mtungi haukuisha. Mwikali alitazama saa ya ukutani, akaandika kwenye daftari la ajali: dakika kumi na tano kamili, ngozi haikuvimba. Njenga akachungulia kutoka ofisini, akaomba maji yasifike kwenye chupa.

Kadzo aliijua harufu ya maji yale. Ilikuwa harufu ya tope la mto na usumba mbichi. Maabara ilijengwa juu ya mashimo yale yale ya makumbi, pale sinki lilipo ndipo alipokuwa akikalishwa juu ya lundo la makumbi, mtoto wa miaka minne, akiwasikiliza wanawake wakiponda na kusutana na kucheka mpaka mmoja analala chini. Mama yake ndiye aliyeanzisha wimbo. Ah, sauti ile! Ukiisikia ulikuwa hutamani kwenda kwingine. Kisha Kadzo akaenda shule, watoto wakaziba pua, na siku moja akiwa na miaka tisa akamwambia mama yake asije tena kumchukua langoni kwa sababu ananuka. Mama hakugomba. Tangu siku hiyo alimngoja mbali, kwenye kona ya duka, akisimama upande upepo unakoelekea, ili harufu isimfikie mtu. Kadzo akaikumbuka ile kona, akaona haya, na machozi yakamtiririka.

"Mama, nisamehe ile ya shuleni."

"Ipi?" mama akasema. "Tulia. Usikunje mkono."

Kesho yake Mekadzo akarudi, na kesho kutwa pia. Akapewa kigoda, akakaa chini ya bomba la kijani, mtungi kati ya magoti. Alimmwagia Viola, mwanafunzi wa mafunzo, aliyedondokewa mguuni. Alimmwagia Ziro, mfanyakazi mwenzao, shingoni. Kahonzi akawa anamletea uji saa nne, naye anaunusa, anashukuru. Mwambire alisogea pale siku moja wakati wa chakula.

"Sisi desturi yetu ni kuwamwagia koma wetu, wazee waliokufa, tembo la mnazi," alisema. "Hapa koma ndio wanaotumwagia. Haya. Lakini mama, mwaka jana mbona hukuja?"

"Wewe mamako si yu hai?" Mekadzo akamjibu. "Angekuja nani?"

Mwambire akafikiri, akaona ni kweli, akarudi langoni.

Mwezi wa kumi na mbili alikuja mkaguzi. Akalitazama kabati la kioo, akasifu miwani. Kwenye fomu yake palikuwa na swali: maji ya dharura yanayotiririka kwa robo saa, yapo? Njenga akamwonyesha Mekadzo. Mkaguzi akatia kidole kwenye maji, akashika saa, akausikiliza wimbo mara tatu, akatia alama ya vema. Wiki ile ile paipu ilifika. Kwa kuwa haja yake ilikuwa imekwisha, ikapelekwa kunyweshea maua ya langoni.

Kadzo alipoyaona yale maua yamelowa, alikwenda ofisini. Hakubisha hodi.

"Bwana Njenga, mama amechoka. Amebeba maji maisha yake yote. Tone likimrukia mtu linamrukia na yeye, na mikono imeanza kumchubuka."

"Amelalamika?"

"Mama yangu hajui kulalamika."

"Basi Kadzo, tusimsemee," Njenga akasema kwa upole. "Huyu mama ametusaidia sana. Kila nikiandika ripoti namtaja."

Kilio cha kuku hakimpati mwewe. Jumapili Kadzo alikwenda Ganda, akapalilia kaburi, akamwaga tembo kidogo na unga, akasema wazi: "Mama, pumzika. Usije tena. Ukiacha kuja, watalazimika kuweka paipu." Akaketi pale mpaka jua likawa kali. Ilikuwa vigumu kwake kusema maneno hayo mara ya pili katika maisha yake, na aliyasema akilia.

Jumatatu akakuta kigoda kitupu. Akalipangusa bomba vumbi. Saa tatu, chupa ikateleza mikononi mwa Mwikali, na Kadzo akasikia mwasho shavuni, chini kidogo ya jicho. Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Nilikusikia jana," Mekadzo alisema, akimwinamisha kichwa. "Lakini nikilala, wewe nani atakumwagia?"

Akaimba. Mikono yake iliyochubuka ilimshika Kadzo kidevu kama alivyokuwa akimnawisha uso zamani kabla ya shule. Jicho likapona.

Ijumaa orodha mpya ya zamu ikabandikwa ukutani, imewekwa plastiki isilowe. Mwikali ndiye aliyeibandika, na alipomaliza alikwenda zake bila kumtazama Kadzo. Mstari wa mwisho ulisema: Maji ya dharura, Mekadzo, saa mbili hadi saa kumi na moja. Msaidizi, Kadzo Lewa, kuanzia siku atakayofariki.

Kadzo akausoma mara mbili.

"Wameandika nini?" mama akauliza kutoka kigodani. Hakujua kusoma.

"Wameandika jina lako."

"Langu peke yangu?"

"Na langu."

Mekadzo akafurahi. Tangu arudi Sabaki alikuwa hajatabasamu vile.

"Ukija, njoo na ule mtungi mdogo," akasema. "Huu mzito."

Akasogea kidogo kwenye kigoda, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Kadzo akavaa glavu zake nyepesi, akarudi sinkini.